Hisa za Mjomba Bartholomayo

Huko Makote, juu ya uwanda wa Newala, maji hayakuwa jirani na mtu. Yalikuwa bondeni, na njia ya bondeni ilikuwa na mteremko wa kumfunza mkaidi adabu. Kila asubuhi Scholastika alishuka na mtungi mtupu akiimba. Alipanda na mtungi uliojaa akiwa kimya.

"Kushuka nina sauti," aliwaambia wenzake. "Kupanda nina magoti tu."

Alikuwa na ndoto moja, wala hakuificha. Alitaka paa la bati lenye mfereji, na chini ya mfereji tangi la kukinga mvua. Kwa sababu hiyo aliuza korosho za mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake, akanunua hisa za Kampuni ya Magari ya Uwanda. Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na watu wengi walidhani hisa ni mambo ya Dar es Salaam. Lakini kampuni hii ilikuwa ya hapo hapo. Mtu yeyote aliweza kununua hisa zake au kuuza alizonazo. Kila siku ya gulio karani aliandika bei ya hisa kwa chaki kwenye ubao, nje ya ofisi ya Newala.

Lori la kampuni liliitwa Subira. Watu husema subira huvuta heri. Subira hii mara nyingi ilivutwa yenyewe, kwa kamba, kutoka matopeni. Hata hivyo ilifikisha korosho pwani, na kila mwaka wenye hisa walipata faida yao.

Siku moja, baada ya kuteka maji, Scholastika alikwenda kumsaidia jirani yake Anjelina kutwanga. Wanawake wengi walikuwapo. Unga ulikuwa mwingi kuliko wa nyumba moja. Hakuna aliyeuliza ni wa nini, kwa maana unga wa namna ile hauulizwi. Walitwanga, wakaimba, wakasengenya kidogo kama kawaida ya vinuni.

Mara akafika Silvesta, mume wa Scholastika, kutoka gulioni. Kofia yake ilikuwa mkononi. Akamwita mkewe kando.

"Mama Isabela, acha mchi."

"Unga haujalainika."

"Bartholomayo ameuza hisa zake."

Scholastika akashika kiuno. Bartholomayo alikuwa mwenyekiti wa kampuni. Yeye ndiye aliyeianzisha. Tena alikuwa kaka yake Anjelina, mwenye kinu hicho hicho.

"Nani kasema?" aliuliza.

"Gulio zima. Bei kwenye ubao imeshuka. Mwenye nyumba akitoa mkeka wake nje, ujue ndani mna siafu. Bahati nzuri Vitalis, yule mchuuzi wa samaki wakavu, ananunua hisa za watu kwa nusu ya bei ya zamani. Anatuonea huruma. Atapita kwetu Jumamosi asubuhi."

Nusu ya bei! Scholastika aliliona paa lake la bati likiondoka na Vitalis. Hakurudi kwenye kinu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bartholomayo, akamkuta ameketi na watoto na wakwe zake wa kike.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Isabela."

"Nasikia umeuza hisa. Kwa nini?"

Mzee akawatazama watoto. Akawatazama wanawake. Mwisho akatazama vidole vya miguu yake.

"Hilo si la kusema hapa," alijibu. "Wala si la kusema mbele yako."

Basi, Scholastika akaondoka akijisemea. Mtu mzima, mwenyekiti, anaona haya kusema! Kama si wizi, ni nini?

Njiani alikutana na Mwalimu Ethel. Huyu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Chiwata upande wa Masasi, naye alifundisha wasichana wa Makote. Pia alikuwa katika kamati ya fedha ya kanisa lake. Alipenda kucheka, na hakumwachia mtu njia kabla hajamaliza alilokuwa nalo moyoni. Scholastika alimweleza yote.

"Kesho kutwa namuuzia Vitalis," alimaliza. "Nusu shari kuliko shari kamili."

"Ngoja kwanza," alisema Ethel. "Ile mikorosho yako katika shamba la ukoo, ni ya nani?"

"Yangu. Niliipanda mimi."

"Na ardhi je?"

"Ya ukoo. Lakini mkorosho ni wa aliyeupanda. Hata mtoto anajua."

"Basi kampuni ni kama shamba hilo, na hisa ni mikorosho. Mingine ni yenu, mtu mmoja mmoja. Mingine ni ya viongozi wa kampuni, kama Bartholomayo. Wao wanalala shambani. Wanaona majani yanaugua kabla yako."

"Ndiyo maana naogopa."

"Una haki. Lakini kuna mingine ya vyama. Ushirika wa wakulima una hisa nyingi. Mfuko wa kanisa letu unazo pia. Vyama havilali shambani, ila vina watu wa kutuma kukagua. Mkaguzi wetu alisoma vitabu vya kampuni, kisha akaingia chini ya Subira. Alitoka mweusi kama chungu, ila akasema kampuni ni nzima."

Scholastika akacheka kidogo, kisha akauliza, "Ni vizuri kiongozi awe na hisa?"

"Vizuri sana. Kampuni ikiumia, naye anaumia. Ila akizishika karibu zote, nyinyi mtabaki kupiga makofi mkutanoni."

"Na vyama?"

"Vyema pia, kwa kuwa vinauliza maswali. Lakini chama kikubwa kikiuza zake zote kwa siku moja, bei itaporomoka. Tena usikifuate macho yamefumba. Hata kanisa linaweza kukosea hesabu."

"Sasa Bartholomayo anakimbia au hakimbii?"

"Hisa alizouza tulizinunua sisi na ushirika, kwa bei kamili. Ameuza chache. Nyingi bado anazo. Anayekimbia moto haachi kitanda ndani."

"Lakini kwa nini ameuza?"

Ethel akatikisa kichwa. "Hapo hata sisi hakutuambia, na alikosea. Ajuaye ya ndani akiuza kimya kimya, walio nje watakijaza kimya hicho kwa hofu. Jumamosi kuna mkutano. Wewe una hisa, una haki ya kuuliza. Uliza amebakiwa na ngapi, nani alinunua, na kwa sababu gani. Baada ya hapo uuze au usiuze, shauri lako."

Jumamosi asubuhi Vitalis alifika na fungu la samaki wakavu.

"Dada, nawaonea huruma," alisema. "Nitazichukua hisa zako, na samaki hawa nakuongezea."

"Huruma yako ina haraka, Vitalis. Mbona unanunua kitu kinachokufa?"

Vitalis akakuna kichwa, akasema jua linapanda, akaenda zake. Silvesta aliwasindikiza wale samaki kwa macho mpaka walipopinda kona.

Mkutano ulifanyika ghalani Newala, katikati ya magunia ya korosho. Wanaume waliketi mbele, wanawake nyuma. Scholastika alisimama. Hapakuwa na mlima pale, lakini magoti yake yalidhani anapanda na mtungi.

"Mwenyekiti, mimi nina hisa," alisema. "Naomba kuuliza. Wewe umebakiwa na ngapi? Nani alinunua ulizouza? Na kwa nini uliuza?"

Bartholomayo akasimama. Alijibu maswali mawili bila shida. Nane katika kila kumi alikuwa nazo bado. Ushirika na kanisa ndio walionunua. Ila alipofika kwenye la tatu, akakohoa, akatafuta leso, akakohoa tena.

"Baba Isabela," alimwita Silvesta, "hebu sogea."

Akamnong'oneza sikioni. Silvesta alisikiliza huku uso umekunjwa. Polepole uso ukakunjuka. Mwishowe akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ndugu zangu," alisema, "ni shughuli ya heri. Ni shughuli ya wajomba. Na mimi nimealikwa. Zaidi ya hapo msiniulize."

Wanaume wote wakaelewa, wakacheka pamoja. Nyuma, Anjelina alificha uso wake ndani ya kanga.

Scholastika akatazama viganja vyake. Malengelenge ya mchi yalikuwa bado hayajapona. Jando! Anjelina alikuwa na wavulana wawili waliofikia umri. Katika mila yao mjomba ndiye anayebeba mzigo wa jando: nguo, chakula, ngoma na wageni. Na mambo ya jando mwanamume hayasemi mbele ya wanawake. Bartholomayo hakuwa mwizi. Alikuwa mjomba tu. Furaha ikampanda Scholastika kifuani, ikamtoka kwa sauti.

"Mwenyekiti," alisema, "unga wa siri yako nimeutwanga mimi."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Wanawake walipigana mabega. Wote walikuwa wametwanga, wote walijua kuna jando, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba jando na hisa ni habari moja.

Ethel alingoja watulie, akasimama.

"Hatutaki siri za jando," alisema. "Tunataka utaratibu. Kiongozi wa kampuni akitaka kuuza hisa, aseme mkutanoni kabla ya kuuza. Aseme anauza ngapi na atabaki na ngapi. Sababu aseme 'shughuli ya heri'. Inatosha."

Bartholomayo akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nililinda lililo langu, nikasahau kwamba lilikuwa lenu pia. Nisameheni."

Mikono yote ikanyoshwa kukubali, hata wa Vitalis. Gulio lililofuata bei ikarudi juu. Waliouza kwa hofu waliumia kidogo, na tangu hapo nao wakajifunza kuuliza kwanza.

Vijana wa Anjelina walipotoka jandoni, Makote haikulala njaa wala kimya. Ngoma zililia, wachezaji waliovaa vinyago vya mapiko wakawakimbiza watoto, na togwa ikanywewa kana kwamba maji yalikuwa karibu. Scholastika alicheza mpaka Silvesta akaomba kupumzika kwa niaba yake.

Mwaka huo faida ya kampuni ilikuwa nzuri. Scholastika aliiongezea fedha za korosho zake, akaagiza bati na tangi. Vililetwa na Subira, na bila shaka Subira ilichelewa. Lakini paa liliezekwa kabla ya masika. Mvua ya kwanza ilipopiga, mfereji uliimba, tangi likajibu. Scholastika alisimama mlangoni, amelowa nusu, akatoa machozi ya furaha bila kuyafuta. Mtungi wake ulikuwa umelala kando ya ukuta, mkavu.

Mvua ilipokatika, majirani walikuja na ndoo zao. Wa kwanza alikuwa Bartholomayo.

"Mama Isabela, naomba maji."

"Ya nini?"

"Aa, maji tu."

"Hadharani, Mwenyekiti," alisema Scholastika. "Ya nini?"

Majirani wakasogea wasikie. Bartholomayo akaitua ndoo yake chini, akanyosha mgongo, akasema kwa sauti ile ya mkutano:

"Ni ya chai. Na wote mmealikwa."