Pepo Asiyepanda Ijumaa

"Kichwa changu hakijapata kupoteza kitu," alisema Bi Mauza. "Nakumbuka hata siku niliyozaliwa. Mvua ilinyesha kutwa nzima." Akafikiri. "Au lilikuwa jua. Mama ndiye aliyejua."

Saadiya, wifi yake, alicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. Walikuwa wamekaa uani kwao, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, wakichagua mchele. Kuku waliwazunguka wakingoja chuya.

Bi Mauza hakucheka. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama amekwisha kutia chumvi kwenye mchuzi, au bado, au ametia mara mbili.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikumbuka hata nani alikuja harusi gani na nguo ya kuazima. Kisha akapatwa na ugonjwa wa kisukari. Alikonda. Alikunywa maji mtungi mzima na kiu isikate. Alikwenda haja ndogo mpaka ndara zake zikaijua njia. Daktari wa hospitali akampa dawa ya insulini, achome kila asubuhi. Saadiya alichemsha bomba la kioo na sindano yake katika sufuria ndogo. Bi Mauza alijichoma mwenyewe pajani, kama alivyofundishwa.

Kiu ikaisha. Nyama zikarudi mwilini. Ikabaki akili. Akili ndiyo iliyoanza kuondoka.

Siku hiyo adhana ya adhuhuri ilipita. Wali ukaiva, mchuzi wa papa ukaiva.

"Bwana bado?" aliuliza Bi Mauza.

"Bado. Wewe kula kidogo, wifi. Tangu asubuhi una chai ya rangi na kipande cha mkate tu."

"Nile kabla ya mume wangu? Unataka nionekane mroho?"

Katika nyumba ile mke hakula kabla ya mume. Hakuna aliyeiandika ukutani sheria hiyo. Mama yake Bi Mauza aliifuata, na bibi yake pia, nao hawakuulizwa.

Mumewe, Bwana Suud, alikuwa na duka la unga, sabuni na mafuta ya taa karibu na Mnazi Mmoja. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa na kilema kimoja tu, nacho ni bao. Akifunga duka mchana, miguu yake ilimpeleka barazani kwa wenzake, na kete zikimshika hazimwachii. Bi Mauza hakulijua hilo. Wewe msomaji umelijua. Kaa kimya, usimwambie.

Jua liliondoka mlangoni mwa jiko, likapanda ukutani. Bi Mauza aliona mikono yake inatetemeka. Jasho likamtoka, jasho la baridi. Moyo ukamwenda mbio. Akaitazama birika, akawa hajui jina lake. Kitu hiki kinaitwaje? Jana alikijua. Sauti ya Saadiya ikamjia kutoka mbali, kama inatoka kisimani.

"Wifi, umekuwaje?"

"Nani wifi yako? Nani kakuingiza nyumbani kwangu?"

"Mimi Saadiya!"

"Mwongo! Saadiya ni mzuri kuliko wewe!"

Akachukua kipande cha sabuni, akakitia kwenye sufuria ya wali. Akafunika vizuri. Kisha akaketi chini akalia, na hakujua analilia nini.

Saadiya alikwisha kuzoea. Kwa Saadiya, huyo alikuwa pepo, na pepo mwenyewe alipenda sharubati. Alifukiza ubani, akakoroga sukari nyingi na maji ya waridi katika bilauri, akamnywesha.

"Kunywa, bwana mkubwa," alimbembeleza pepo. "Kunywa, utuachie mtu wetu."

Haukupita muda mrefu, Bi Mauza akapepesa macho. "Mbona kifua kimelowa?"

"Ameshuka," alisema Saadiya.

"Nani?"

"Mgeni wako."

Bi Mauza alinusa hewa. "Na mbona wali unanukia sabuni?"

Saadiya alitazama kuku.

Ndipo Bwana Suud akaingia. "Assalaam alaykum! Njaa imenikamata!"

"Bwana, mbona umechelewa?"

"Nilikuwa Magogoni, napokea nazi kutoka Kigamboni. Nilikwambia jana. Umesahau tena, mke wangu."

Aliyasema kwa upole. Upole ule ndio uliomchoma Bi Mauza kuliko sindano. Alitafuta kichwani mwake, kila pembe. Magogoni haikuwamo, wala nazi. Basi ni kweli, aliwaza. Nimekwisha. Nimekuwa mwendawazimu.

Kesho yake alikaa na bomba lake la kioo mkononi, akalitazama. Kabla ya sindano alikuwa na kiu, lakini alikuwa na akili. Sasa kiu hana, na akili hana.

"Pepo hapendi chuma," Saadiya alimnong'oneza. "Sindano inamkera, ndiyo maana anapanda."

Bi Mauza akalifunga bomba katika kanga, akalizika chini ya sanduku la nguo.

Mwanzo alifurahi. Pepo hakupanda. Kisha kiu ikarudi. Mtungi ukawa unakauka kabla ya alasiri. Macho yakaona ukungu. Moyo nao ukawa mzito kama nguo iliyolowa. Hakutaka kuoga. Hakutaka kusuka ukili wa mkeka. Watu walipita mlangoni na habari za mtaa mzima, naye hakutaka hata kusengenya. Hapo ndipo Saadiya alipoogopa kweli.

Chumba cha mbele alipanga nesi mmoja, Clotilda, mtu wa bara. Miezi yote hiyo alikuwa na zamu ya usiku, na mchana alilala fofofo. Kelele za pepo alizisikia akadhani anaota. Wiki ile alikuwa mapumzikoni. Saadiya akamgongea.

"Hodi," Clotilda aliingia uani. "Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mauza, kisha akanywa kata nzima ya maji bila kupumua.

Clotilda aliitazama ile kata. "Bi Mauza, leo umechoma sindano?"

Bi Mauza aliirudisha kata mtungini. Saadiya akajibu kwa niaba yake. "Ameacha. Siku nyingi sasa."

"Sindano imenitia wazimu," alisema Bi Mauza, na machozi yakamtoka. "Nisipochoma, nakufa. Nikichoma, narukwa na akili. Niambie, mwanangu, nichague lipi?"

Clotilda akavua viatu, akakaa mkekani. "Kwanza nielezeni. Huo wazimu unakuja saa ngapi?"

"Mimi sijui. Mimi ndiye ninayeondoka."

"Niulize mimi," alisema Saadiya. Alikuwa fundi wa pepo huyo, na hakutaka kunyang'anywa. "Hupanda mchana, baada ya adhuhuri, kabla ya chakula."

"Kila siku?"

"Siku nyingi. Ijumaa hapandi."

"Kwa nini?"

"Pepo Mwislamu huyo. Anaiheshimu Ijumaa."

"Ijumaa mnakula saa ngapi?"

"Mapema. Ijumaa kuna pilau. Suud akitoka msikitini anakuja mbio kama anafukuzwa na mbwa."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ana kazi nyingi. Anachelewa."

"Na Bi Mauza anakula wakati gani?"

"Akija bwana! Atakula na nani?"

"Na pepo akipanda, unampa nini?"

"Sharubati. Ya sukari nyingi, hapendi ya kubahatisha."

"Akinywa?"

"Anashuka."

Clotilda akaweka mkono kinywani. Saadiya alidhani ameogopa. Kumbe anazuia kicheko.

"Bi Saadiya," alisema alipoweza, "umemwokoa wifi yako mara nyingi. Dawa uliyompa ni sawasawa. Lakini huyu si pepo."

"Ni nani basi?"

Clotilda akaivuta taa ya chemli iliyokuwa karibu na mtungi. "Tazameni. Mwili ni kama taa hii, na sukari ndiyo mafuta yake. Mwenye kisukari mafuta yamejaa tele, lakini utambi hauyanywi. Insulini inausaidia utambi unywe. Vizuri. Sasa mtu anachoma sindano asubuhi, kisha hali chakula. Utambi unakunywa, unakunywa, mafuta yanakwisha. Taa inafanya nini?"

"Inafifia," alisema Bi Mauza polepole.

"Na kichwa ndicho kinachoingia giza mapema. Mtu hutetemeka. Hutoka jasho la baridi. Moyo humwenda mbio. Hukasirika bure, husema maneno yasiyoeleweka. Wengine humwita mlevi. Wengine husema ana pepo."

"Kwa hiyo mimi si mwendawazimu?"

"Wewe una njaa, Bi Mauza."

Bi Mauza hakujua afurahi au aone haya. Ubani wote ule, na maji ya waridi yote yale, kwa ajili ya njaa!

"Subiri," alisema. Kichwa kilikuwa bado kizito. "Sasa sichomi, na pepo hapandi. Mbona basi moyo umekuwa hivi? Asubuhi naamka naona kama kuna msiba, nami sijui nani amekufa."

"Ukiacha sindano, sukari inazidi, nayo inauchosha mwili na kuutia moyo giza. Ikizidi sana inaua. Tena, maradhi ya kila siku humchosha hata shujaa. Kuchemsha, kuchoma, kujinyima, kesho tena. Huzuni hiyo si aibu. Mwambie daktari, kama unavyomwonyesha kidonda. Usiifiche, na usiache dawa kwa ajili yake."

"Na akipanda tena?" aliuliza Saadiya. "Huyo… huyo asiye pepo?"

"Kama anaweza kumeza, mpe sukari upesi, kisha chakula. Akizimia, usimmiminie kitu kinywani, atapaliwa. Mkimbize hospitali."

"Naam."

"Kuna neno moja tena, nalo ni gumu," alisema Clotilda. "Bi Mauza, wakati wa chakula ukifika, kula. Usimngoje Bwana Suud."

"Haiwezekani!" walisema wawili wale kwa pamoja.

"Nini haiwezekani?" Bwana Suud alikuwa amesimama mlangoni. "Samahanini, nimechelewa, kulikuwa na…" Akaziona nyuso zao.

Clotilda akaeleza tena, taa mkononi. Bwana Suud alisikiliza. Clotilda alipofika kwenye habari ya kungoja chakula, Suud alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Kila nilipochelewa?" aliuliza.

"Karibu kila ulipochelewa."

Suud alifungua kinywa kama mtu mwenye neno. Akakifunga. Kisha akamtazama mkewe, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ale," alisema. "Ale kwanza. Nikija, nikute ameshiba. Nani atasema neno? Nyumba hii ni yangu."

"Watasema," alisema Bi Mauza.

"Waje waseme mbele yangu. Mimi nataka mke, sitaki sifa za mke."

Siku ileile alimpeleka hospitali. Walipima mkojo wake kwa dawa ya buluu, nayo ilipochemshwa ikawa nyekundu kama tofali, alama ya sukari nyingi. Daktari alimkemea kidogo, akamsikiliza sana. Akampangia upya kipimo cha insulini, akamwambia arudi baada ya siku chache, na asibadili kipimo kwa shauri lake mwenyewe wala la wifi yake.

Toka siku hiyo, adhana ya adhuhuri ikipita, Bi Mauza na Saadiya walikula. Matonge ya kwanza yalikuwa magumu kumeza. Bi Mauza alikula akitazama mlango, kama mwizi. Chakula cha Bwana Suud kilifunikwa kwa kawa, kikasubiri. Yeye Bi Mauza alifunga kipande cha sukari guru katika pindo la kanga yake, ili kimfae akianza kutetemeka akiwa sokoni.

Akili ilirudi kidogo kidogo, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba. Kwanza yalirudi majina ya vyombo. Kisha chumvi ikakaa mahali pake. Kisha akamkumbusha Saadiya bakuli aliloazima na kusingizia kuwa limevunjika. Zilikuwako siku ambazo moyo uliamka mzito vilevile. Siku hizo alimwendea Clotilda, akakaa kitandani kwake akasema yote, akalia, kisha akarudi kuchemsha bomba lake.

Siku moja jua lilikuwa limekwisha kupanda ukutani. Bwana Suud akaingia.

"Assalaam alaykum! Njaa imenikamata!"

"Waalaykum salaam," alisema Bi Mauza. Alikuwa ameshiba, ameegemea nguzo, anasuka ukili. "Umetoka wapi, bwana?"

"Mchikichini. Kuna mteja wangu kule." Suud aliketi, akakunja mikono ya kanzu, akanawa. "Nilikwambia jana. Umesahau, mke wangu."

Ukili ulisimama. Bi Mauza alitafuta kichwani, pembe zote. Safari hii kulikuwa na mwanga kila pembe.

"Uliniambia wakati gani?"

"Usiku, baada ya kula. Hapahapa uani."

"Jana usiku hukula hapa. Ulikwenda harusini kwa Hamud. Ulirudi na mguu wa kuku katika leso, ukampa Saadiya, mimi hukunipa."

"Kweli," alisema Saadiya. "Ulikuwa mnono."

"Basi ilikuwa juzi," alisema Suud.

"Juzi ulikuwa unaumwa jino. Hukusema na mtu kutwa."

Suud alijikuna shingo. Vidoleni, ingawa alikuwa amenawa, kulikuwa bado na vumbi la shimo la bao. Bi Mauza aliliona. Akaanza kuhesabu nyuma kimya kimya sababu zake zote za kuchelewa: Magogoni, nazi, mzigo wa sabuni, mazishi ya mtu asiyejulikana na yeyote.

"Bwana," alisema taratibu, "siku zile zote ulizoniambia kuwa nimesahau, nilikuwa nimesahau kweli?"

Bwana Suud alikisogelea chakula chake. Alitafuna kwa bidii, akiinamisha kichwa kama mtu ambaye hawezi kusema na chakula kinywani.

Lakini kawa lilikuwa bado halijafunuliwa.