Damu ya Mtu Aliyelala

Soko la Kolwezi lilikuwa limejaa hata hapakuwa pa kuweka mguu. Laurentine alikuwa ameinama juu ya bikambala, samaki wakavu wa Nzilo, akiomba apunguziwe bei, mara sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya magunia.

"Mama, umupunguzie huyu. Anapiga sindano muzuri, hata mutu hasikie."

Akageuka. Kijana mrefu mwenye shati la maua, vumbi jekundu kwenye kope, alikuwa akishusha mzigo kutoka kwenye kamiyo, lori lake.

"Unanijua wapi?"

"Mu hospitali, mwaka jana. Uliniambia nigeuke, nikageuka. Tangu siku ile sijakusahau."

"Weye njo ule alilia?"

"Nililia kidogo tu, mupenzi. Usitangaze mu soko."

Laurentine akacheka huku amefunika mdomo.

Kijana huyo alikuwa Aruna, mwana wa Tata Bilali, Mwislamu aliyetoka upande wa Kasongo na kuanza kazi ya kusafirisha mizigo. Laurentine alikuwa binti wa Kikasai wa mtaa wa Kapata, baba yake mtu wa mgodi na wa misa ya kila Jumapili. Miaka ile ya Zaïre serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, kwa hiyo hospitalini aliitwa citoyenne, yaani mwananchi, Bilonda, jina lake la kikwao. Nje ya nyumba yao, Aruna peke yake ndiye aliyemwita Laurentine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha sukari shavuni. Jioni alimngojea kwenye ua wa hospitali, naye akatoka amevaa kikwembe chake, kitenge cha buluu chenye ndege, wakatembea polepole ili njia isiishe.

Mvua za kwanza zilipoanza, jeep ya adjudant mmoja, mkubwa wa askari wa gendarmerie, iligongana na kamiyo ya Aruna kwenye barabara ya Nzilo. Aruna akaletwa hospitalini bila fahamu, akalazwa katika chumba cha zamu ya Laurentine. Adjudant akafuata, kofia kwapani.

"Citoyenne, kamata damu ya huyu mulevi. Tunaipeleka ku laboratoire."

Laurentine alikuwa mtu wa kuongea akiangalia miguu yake. Aliiangalia, lakini sindano hakuishika.

"Hajaamuka, chef. Akiamuka nitamuuliza."

"Nani anauliza mulevi?"

"Basi karatasi ya parquet, yenye sahihi ya mushitaki wa serikali, iko wapi?"

"Karatasi ni miye."

"Weye, chef, gari yako njo iligongana na yake."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifanya wamelala. Adjudant akamshika mkono, akamvuta nje mbele ya wote. Laurentine akafungiwa cachot, chumba cha mahabusu cha gendarmerie. Alipotolewa, daktari mkuu hakumwangalia usoni. Alimwambia tu kwamba kazi yake sasa iko zahanati ya Tenke.

Aruna alipopata nafuu alikuta jina lake limechafuka. Adjudant alikuwa ametangaza kila mahali kwamba yule mwanamke alikataa kwa sababu alijua damu imejaa pombe. Msikitini watu walimtazama Tata Bilali kwa pembeni. Permis ya Aruna ya kuendesha ikachukuliwa. Siku Laurentine anaondoka, Aruna alimfikia stesheni akitembea kwa fimbo.

"Juu ya nini haukukamata? Damu yangu ilikuwa safi. Ingenisafisha."

"Ulikuwa umelala."

"Ungekamata tu. Hata tata anasema vile."

"Haikuwa yangu, Aruna."

"Ulifikiri nilikunywa?"

Neno moja la hapana lingetosha. Lakini hakuwa anajua, na uongo haukumjia.

"Sikujua. Hata kama ulikunywa, ningekatala vilevile."

Aruna hakusikia lile la mwisho. "Miezi yote hii," akasema, "na haunijue." Akageuka na fimbo yake.

Tenke ilikuwa stesheni, nyumba chache, na mabehewa ya shaba yaliyopita bila kumletea mtu. Kila kamiyo iliyotoka Kolwezi ilipopunguza mwendo, Laurentine alitoka mlangoni kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu. Kila mara Aruna hakuwemo. Akarudi ndani, akachota maji mengine. Usingizini alizungumza na Aruna vizuri sana, akamweleza kila kitu, na Aruna akaelewa. Asubuhi akaamka hana la kusema na mtu.

Mvua zilikuwa zinakatika mkuu wa stesheni alipotuma mtu: "Citoyenne Bilonda, telefone yako." Akakimbia na blouse yake nyeupe mwilini.

"Allô, nani?"

"Ule wa kulia sindano."

Akaibana simu sikioni.

"Laurentine, sikiya, batakata laini. Louis jirani yetu, jeep ya ule adjudant ilimupiga naye. Nilienda kumuona mu hospitali. Magendarme bakakuja, bakamushikilia mikono mu kitanda, bakamutoa damu. Alikuwa analia asema hapana. Nikaona ni kile kitu nilikuomba unifanyie."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema bamuulize kwanza. Bakanitupa inje. Sasa mi na muke ya Louis tumeshitaki ku parquet. Adjudant ameitwa. Banataka ukuje useme yako."

"Nitakuja."

"Cachot hauiogope?"

"Naiogopa. Nitakuja."

Waya ukalia kama nyuki.

"Na ile ya pombe," Aruna akasema. "Bado haujue?"

"Sijui. Uniambie."

"Sikukunywa."

"Basi sasa najua."

Laini ikakatika.

Jumapili treni ilishusha watu wachache pale Tenke. Aruna alikuwa katika lile shati la maua, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mbele yake alitembea Tata Bilali, kanzu nyeupe na kofia, vumbi la safari mabegani.

"Mama," mzee akasema, "mi nilisema ungekamata tu. Leo nimekuja kuuliza. Unamutaka huyu mutoto yangu? Kama hapana, treni ingali hapa, tunapanda."

"Tata yangu ni mutu ya misa," Laurentine akasema akiangalia miguu yake. "Atafanya makelele sana."

"Ku Kapata nitaenda, makelele nitayasikia. Nimeuliza weye."

Aruna alikuwa anatazama chini, hathubutu hata kutabasamu. Laurentine akainua macho, akajibu. Treni ikapiga filimbi ndefu, neno likapotea humo.

Aruna akasogea karibu. "Umesema nini?"

Akamrudilia: "Namutaka."