Jiwe la Auvergne Lapotea Shika Adabu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1961, Kaviha mngoja-mlango alifungua ukumbi wa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, akatazama meza, akapiga ukelele wa mtu aliyekanyaga nge. Jiwe halikuwapo. Kitambaa kilicholifunika kilibaki mezani, kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe.

Jiwe lilitoka Auvergne, Ufaransa, kwenye milima iliyowahi kutema moto. Mwinyihaji, mpishi, alipelekwa huko na tajiri wake mhandisi, akakaa miezi minane. Saa kumi jioni siku hiyo angewasimulia watu safari yake. Nusu ya mtaa ilishikilia kwamba alijificha Nairobi tu. Shahidi wake alikuwa jiwe. Bila hilo, angeitwa mwongo mpaka siku ya kuzikwa.

Akaitwa Bi Mwanatabu, mpishi wa harusi, ambaye aliwahi kumtambua mwizi wa nyama ya pilau kati ya wageni mia tatu bila kuinuka kitini.

"Nani alilishika?" aliuliza.

"Mimi peke yangu, Bi," Mwinyihaji alijibu. "Nililitoa sandukuni jana alasiri, nikalifunika, nikatoka."

Sanduku hilo lilijulikana. Hamali wawili walilishusha feri wakihema kama punda. Basi umati ulikwisha hukumu: jiwe zito, mwizi ni mwenye mkokoteni. Karisa, hamali, alishikwa kola na watu wanne.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Feri, Bi, nashusha nazi. Mkokoteni niliuacha hapa nje, gurudumu limepasuka."

"Hapa nje! Mwasikia?" umati ukapaza sauti.

"Na wewe, Kaviha?"

"Mimi jiwe la moto silishiki. Nina watoto."

Bi Mwanatabu alichungulia dirishani. Nondo moja haikuwapo tangu zamani. Mtu mwembamba angepenya, mkokoteni usingepenya. Akakitazama tena kile kitambaa. Mwizi mwenye adabu ya kukunja!

Hapo akaingia Mzee Ishaka, mwembamba, kanzu nyeupe pe. Ujanani alikuwa mpagazi wa wazungu hadi kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kwa miaka thelathini Likoni nzima haikuwa na mtu mwingine mwenye mlima wa kusimulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwachieni mwana wa watu! Mkokoteni wa nini? Jiwe lenyewe hata mtoto hulikwapua."

Bi Mwanatabu akamgeukia Mwinyihaji. "Lina uzito gani?"

"Kama mkate mmoja wa boflo, limejaa matundu ya hewa. Kilicholemea sandukuni ni sufuria zangu za chuma."

"Ulimwambia nani?"

"Wallahi, hata mke wangu sikumwambia."

"Basi, Mzee Ishaka," Bi Mwanatabu alisema taratibu, "wepesi wake umeujuaje?"

Mzee akaketi.

"Nililitupa kisimani kwangu," alisema. "Limekataa kuzama, mwanangu. Likaelea, likinitazama. Miaka thelathini mtaa huu ulikuwa na mlima mmoja, wangu. Kibo ni futi elfu kumi na tisa! Huo wake je?"

"Nilioupanda, elfu nne na mia nane," Mwinyihaji alijibu.

"Kichuguu!"

"Kichuguu, mzee. Lakini sikiliza. Wakulima wa kule hupanda mizabibu kwenye udongo wa majivu ya volkano. Walinimiminia mvinyo, nikaomba maji. Wakanipa ya chemchemi, yanatoa povu bila moto. Wakanilisha viazi na jibini changa, ukiinua kijiko inavutika mpaka kifuani. Wakajisifia mlima wao. Nikawaambia, kwetu Likoni yuko Mzee Ishaka, aliyefika kwenye theluji ya Kibo na mzigo kichwani. Meza nzima ikasimama, mzee. Wakainua glasi, wakakutakia afya kwa jina. Walilitamka vibaya sana, lakini walilitamka."

Mzee Ishaka naye akasimama.

Bi Mwanatabu akatoa hukumu. Mzee angemwomba radhi Karisa na kumtengenezea gurudumu. Kisha angelirudisha jiwe mwenyewe, mchana kweupe, kichwani, kipagazi.

Saa kumi kasoro dakika tano, mtaa mzima ulijipanga njiani. Mzee alipita na jiwe kichwani, shingo imenyooka, mikono haishiki kitu, akipiga hatua fupi za mpanda mlima. Jukwaani palikuwa na viti viwili. Jiwe likawekwa kwenye beseni la maji, likaelea, na hata wale waliosema alijificha Nairobi wakapiga makofi.

"Anza wewe, mzee," Mwinyihaji alisema. "Mlima wako ndio mrefu."