Pete Ndani ya Ukuta

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alifuatana na shangazi yake kwenda kazini, kwenye ngome ya kale iliyowahi kuwa gereza. Shangazi alikuwa mwelimishaji wa pale. Wanafunzi walipokuja, yeye ndiye aliyewatembeza na kuwasimulia habari za wafungwa. Binti huyo wa kaka yake aliitwa Kasuku kwa sababu aliyakariri maelezo yote, hata pale shangazi alipozoea kukohoa. Basi, ingawa alikuwa bado yuko shule ya msingi, aliruhusiwa kuwaeleza watoto habari za chumba cha juu.

Asubuhi hiyo walimkuta msimamizi wa ngome ndani ya chumba hicho, amekunja uso. Plasta ya chokaa ilikuwa imekwanguliwa, vipande vimetapakaa sakafuni.

"Mama, hii ni kazi ya wanafunzi wako wa jana," alimwambia shangazi. "Wanatafuta nini humu ukutani?"

"Hata mimi sijui, bwana. Sijawahi kuwaambia kuna kitu."

"Yakitokea tena leo, sipokei wanafunzi hapa. Na wasipokuja, wewe nitakupa kazi gani?"

Kasuku aliinama akaanza kuokota vipande vya plasta. Yeye alijua. Jumamosi iliyopita watoto walikuwa wamechoka kumsikiliza, naye akaona aibu, akaamua kutia chumvi. Aliwaambia kwamba mfungwa mmoja alificha pete ya dhahabu ndani ya ukuta ule. Macho yaliwatoka! Siku nzima alijiona bingwa.

Sasa alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akajipa moyo kwamba huenda wageni wa leo hawajasikia.

Walikuwa wamesikia. Wakiwa bado kwenye ngazi, mvulana mmoja mrefu alimsogelea na kumnong'oneza, "Dada, ile pete iko upande gani?"

Walipoingia chumbani, mvulana yule alikwenda moja kwa moja ukutani, akatoa msumari mfukoni. Mlangoni walisimama shangazi na msimamizi, nao hawakuuona. Kasuku akinyamaza, ukuta utakwanguliwa tena na shangazi atapoteza kazi. Akisema, kila mtu atajua kuwa yeye ni mwongo.

"Usiguse!" alipiga kelele. "Hakuna pete. Niliwadanganya wenzenu."

"Kwa hiyo tumepanda ngazi zote hizi bure?" mvulana aliuliza. Wenzake wakaangua kicheko.

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo, aligeuka akamtazama msimamizi. "Shangazi hakujua. Nilitunga mwenyewe."

Shangazi hakumkaripia mbele ya wageni. Alichuchumaa karibu na ukuta, akawaita. "Njooni mtazame hapa. Fundi wa zamani aliacha alama ya kiganja chake plasta ikiwa bado mbichi."

"Fundi gani?" mvulana aliuliza.

"Hatujui. Tunajua tu kwamba alikuwa na mkono mdogo, labda kama wako."

Watoto walisukumana ili waone. Mvulana alinyoosha kiganja chake mbele ya alama ile bila kuigusa, kisha akaurudisha msumari mfukoni.

Msimamizi alishusha pumzi. "Haya, wanafunzi waendelee kuja. Lakini huyu binti atamsaidia fundi wetu kukoroga chokaa mpaka ukuta utengemae."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, umenikasirikia?"

"Sana. Uliniona nikilaumiwa, ukanyamaza." Walitembea kidogo. "Ukuta utazibwa, mwanangu. Lakini mambo ya kale hakuna anayeweza kurudi nyuma kuyaona. Watu wanategemea neno letu. Ukilitia uongo mara moja, hata siku ukisema kweli watakutilia shaka. Usipojua, sema hujui. Ukikosea, sema mapema."

"Na wiki ijayo wakinicheka?"

"Watakucheka, tena sana," shangazi alisema, akamshika mkono. "Wewe utawaeleza ukweli huku wakicheka, mpaka siku watakapokuamini tena."