Kesho kwa Cherop Tunachoma

"Wanzala ni nani hapa?"

Askari wanne! Mchana kweupe, bwanangu ameshika tonge la obusuma, ugali wetu. Likaanguka wakimtia pingu.

"Kosa langu nini, afande?"

"Uchochezi. Matamshi ya chuki."

Jamani! Wanzala? Mwanamume anayemwomba kuku msamaha akimkanyaga?

Kama hamumjui, ni msimamizi wa wakata miwa hapa Ekero. Jumanne aliwaandikia vijana wake kwenye grupu ya WhatsApp:

"Kesho kwa Cherop tunachoma kwanza, alafu tunakata. Kila mtu akuje na panga. Msiache hata moja."

Miwa, watu wangu! Huchomwa majani kwanza ndipo ikatwe. Na Cherop, jirani yetu Mnandi, asiye wa kabila letu, ndiye aliyeomba akatiwe shamba lake.

Lakini asiyejua miwa atasoma nini hapo?

"Na mheshimiwa aliyesema jukwaani wageni warudi kwao?" nikamuuliza askari. "Mbona yeye hamkumshika?"

"Mama, huyo alikuwa anatoa maoni."

Nikampigia Cherop mbio. Neno lake moja tu lingemtoa bwanangu.

"Mama Sydney, kuja uwaambie ni miwa!"



"Nilishahama, Mama Natasha. Niko Kapsabet na watoto."

"Si ni wewe ulituita?"

"Ni mimi. Najua Wanzala alimaanisha miwa. Lakini wale mia tatu walioandika Facebook chini ya huo ujumbe 'tuko ready'... hao walimaanisha mimi. Siwezi kurudi huko."

Akakata simu. Sikuwa na la kumlaumu.

Kituoni, Wanzala alikuwa ameshika vyuma vya seli, macho mekundu.

"Mama Natasha, ni nani alitoa hiyo maneno kwa grupu akaweka Facebook?"

"Sijui, baba."

Nilijua!

Ni mimi. Nilishika simu yake, nikapiga picha ule ujumbe, nikauposti na vikatuni vya kucheka: "Muone bwanangu anavyotisha watu!" Nilitaka likes tu. Nilipoufuta, ulikuwa umeshafika kwenye kurasa nisizozijua.

Kesi ni mwezi ujao, na shahidi wa kumtetea hayupo. Bado sijamwambia ukweli. Nimeanza na nyinyi kwa sababu naogopa atakavyoniangalia.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Neno la nyumbani liacheni kwa wanaowajua, kwa maana huku nje kuna watu wanangojea kisingizio tu.

Na wale mia tatu? Hakuna hata mmoja aliyeshikwa.