Ile Saa Moja ya Virginie

Batu banasema mi niko na wivu. Ni kweli. Manassé, bwana yangu, sikumuokota njiani, na siwezi kumugawa na mutu, akuwe muzima ao akuwe mufu.

Jioni ile nilishika pilovere yake, nikatoka. Butembo baridi inaingia mapema, na bibi kupelekea bwana pilovere ku kazi si ajabu. Lakini mi nilikuwa naenda kufumania mutu.

Ilikuwa vita. Inchi ilikuwa imekatwa: Kinshasa na bakubwa yake, siye huku na bakubwa yetu. Manassé alikuwa anachunga mashini ya bureau moja ya misaada, kule Bulengera. Balikuwa na antenne ya satellite, ordinateur, na onduleur kubwa, ile inashikilia courant wakati groupe, ile jenereta, inazimika. Onduleur ilikuwa ku réseau, unaitengeneza kupitia ordinateur, ile kompyuta yabo. Na kila jioni Manassé alirudi kwa kuchelewa saa moja nzima.

"Mama Sagesse, ni saa ya onduleur," alikuwa ananiambia. "Inarudi nyuma tena."

"Ugonjwa gani hiyo haiponi?"

"Serveur, ile mashini ya mbali, inatupatia saa ya dunia nzima kupitia antenne. Mashini inaongeza ya kwake. Butembo inaongeza mbili, Kinshasa moja. Naweka mbili, kesho nakuta moja."

Kinshasa. Bibi yake wa kwanza, Virginie, alikuwa wa Kinshasa. Manassé alimuleta huku, vita ikafunga njia, homa ikamuua bila kuona kwao tena. Mupaka kufa alikataa kugeuza saa ya mukono wake. Ukimuuliza saa, anakujibu ya Kinshasa. Banasema alikuwa mwanamuke muzuri sana. Hiyo pia balinieleza, bila mi kuuliza.

Ku mulango ya bureau, Salomon, sentinelle mwenye kulinda usiku, hakutaka kuniangalia.

"Mama, urudi tu nyumbani."

"Manassé ako na nani ndani?"

Akashusha sauti. "Mi naona anaingia peke yake... Mais nasikia batu bawili."

Nikamupita.

Ndani hakukuwa mutu. Groupe ilikuwa imezimika, ordinateur moja tu ilikuwa inawaka juu ya courant ya onduleur. Inje giza ilikuwa imeshaingia. Kule nyuma, mulango ya chumba ya mashini ilikuwa wazi kidogo, na harufu ilikuwa inatoka... samaki ya kukaanga, na pomade ya nywele. Mi sipaki pomade.

Nikachungulia.

Ndani kulikuwa jua.

Dirisha ya ile chumba ilikuwa na jua ya mangaribi, ile siye tulikuwa tumeshamaliza saa moja iliyopita. Manassé alikuwa amekaa chini, kichwa ameilaza upande, kama mutu analalia mapaja ya mutu. Hakukuwa mutu. Lakini nywele yake ilikuwa inasogea polepole, kama vidole inapita ndani. Na alikuwa anacheka. Nyumbani kwangu hajacheka vile hata siku moja.

Mwenye akili angekimbia. Mi wivu ilinikataza.

Nikarudi ku ordinateur. Page ya onduleur ilikuwa wazi. Ilisema saa inatoka ku serveur, na chini yake: plus un, kuongeza moja. Nilifundisha primaire, hesabu ile hainishindi. Nikaandika plus deux, mbili ya Butembo, nikabonyeza. Page ikakawia... ikarudi.

Plus un.

Nikaandika tena.

Plus un.

Kule chumbani mwanamuke akacheka, sauti ya chini.

"Umuachilie," nikasema polepole. "Ni wangu."

Biiip. Onduleur ikalia.

Nikang'oa waya ya antenne. Nikafuta serveur, nikachagua kuweka saa kwa mukono, nikaandika saa ya Butembo na vidole yangu mwenyewe. Nikabonyeza.

Jua ikazimika.

Manassé akatoka, anapapasa ukuta. "Mama Sagesse? Ulifika saa gani?" Nikamuvalisha pilovere, nikamushika mukono mupaka nyumbani.

Kesho yake Kasonia, technicien mwenzake, alifungua ile onduleur. Alisema pile ndogo, betri ya carte yake ya ndani, ilikuwa imekufa, ndiyo maana ilikuwa inasahau réglage, saa ile tunaiwekea. Akaweka pile mupya, akarudisha serveur. "Ni ile tu, mama." Na kweli, onduleur haikurudi nyuma tena. Basi nilifurahi, sifichi. Nilichinja kuku, nikasonga fufu, nikajisemea: mufu ameshindwa.

Manassé alirudi mapema, akakaa ku meza. Inje ilikuwa inaanza kuwa giza. Nikamunawisha mikono, nikaweka sahani mbele yake.

"Ni saa ngapi?" akauliza.

"Dix-huit heures," nikajibu, saa kumi na mbili ya jioni.

Toka chumba yetu ya kulala, sauti ya chini, ile ya kule bureau, ikataja saa ya Kinshasa, moja nyuma:

"Dix-sept."

Manassé akaangalia ule upande. Akasukuma sahani yangu polepole, akasimama.

"Basi, kungali saa moja nzima," akaniambia.

Akaingia kule, akafunga mulango kwa ndani.