Kengele ya Mjukuu wa Enid

Rafiki yangu Enid Thrupp alikuwa na ugonjwa wa kutafuta mababu wenye vyeo. Siku hiyo binti yake Lorna alikuwa hospitali, uchungu umemshika, akampigia simu mamake aende.

"Mtoto wa kwanza huchelewa," Enid akamjibu. "Ngoja kwanza nimtafutie jina la ukoo la kujivunia."

Akaenda zake parokiani. Mtunza kanisa, bibi mmoja aitwaye Gedge, akamtolea daftari la ubatizo la mwaka 1820 na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na vitabu vile. Ilikuwa saa kumi tu ya alasiri, lakini giza la Desemba, mwezi wa baridi huko kwao, lilikwisha jaa madirishani, na upepo ukawa unakwaruza mlango. Enid akasoma ukoo wake: vijakazi, wachunga kondoo, na mmoja kaandikwa mwizi wa bata.

"Waheshimiwa wako wapi, shoga?" Gedge akamcheka.

Juu mnarani kengele ikalia mara tatu, polepole, kisha kimya.

Gedge akainua macho darini. Halafu akasema, "Hiyo ni ya msiba. Mwanamume hupigiwa tisa, mwanamke sita, mtoto tatu. Kisha hufuata umri wa marehemu, pigo moja kwa kila mwaka."

"Nani anapiga?"

"Hakuna mtu. Kengele ile haina kamba tangu enzi za vita."

Enid akashika meza. Wakatega masikio gizani, wakingoja miaka ihesabiwe.

Halikufuata hata pigo moja.